Nyumba Yetu: Tangi la Choo Nalo Lataka Mtunzaji



Wahenga walisema, “Mficha maradhi kilio humfichua.” Methali hii yafaa sana kwa habari ya juma hili, kwa maana twataka kusema juu ya choo, tena juu ya lile tangi lililofichwa chini ya ardhi ambalo watu wa Kindu huliita fosi septiki. Wako watu waonao haya kulitaja jambo hili. Mgeni akifika, huonyeshwa viti vipya, saa ya ukutani na picha za watoto; hakuna amwonyeshaye kifuniko cha zege kilicho nyuma ya nyumba. Lakini ugonjwa haupigi hodi kwenye mlango wa wageni. Mara nyingi huingia kwa huko nyuma, mahali ambapo hapana mtu aliyepatazama kwa miaka mitano.

Basi leo tuondoe haya, tuyaseme mambo kama yalivyo. Baba, mama, nanyi vijana wa shule, someni wote, kwa kuwa kazi hii ni ya nyumba nzima.

MJI NA MAJI YAKE

Mji wa Kindu umekaa kando ya mto Lualaba. Kasuku na Mikelenge ziko upande wa magharibi, Alunguli iko ng’ambo ya mashariki, na mitumbwi huvuka kati yake kutwa nzima. Reli ya kutoka Kindu hadi Kongolo ilipokwisha kujengwa, Kindu ulikuwa mji mdogo wa bandari na stesheni. Mwaka 1988 Maniema ilipotengwa na Kivu na kufanywa jimbo, Kindu ukawa makao yake makuu. Watu wakazidi, na viwanja, yaani parsele, vikagawanywa na kugawanywa tena. Katika kiwanja kidogo choo na kisima havina budi kukaribiana, na ujirani huo si mwema.

Tena maji ya bomba ya Regideso hayafiki kila nyumba, na hata yanapofika hukatika. Kwa hiyo watu wengi huchota visimani, kwenye chemchemi na mtoni. Nchi nayo ina mvua nyingi, na karibu na mto maji ya chini hayako mbali. Mambo haya matatu, yaani watu wengi, visima vifupi na ardhi yenye maji, ndiyo yanayolifanya tangi la choo kuwa jambo la uhai na mauti. Kipindupindu kimerudi mara kwa mara mashariki mwa Kongo tangu miaka ya 1970, na Maniema imepatwa zaidi ya mara moja. Homa ya matumbo, kuhara damu na minyoo hazitangazwi kwa kishindo, bali hudhoofisha watoto mwaka hata mwaka.

TANGI HUFANYAJE KAZI?

Watu wengi hudhani kwamba tangi ni ghala tu la kuwekea uchafu hata lijae. Sivyo. Tangi lililojengwa vema ni kama karakana yenye wafanyakazi wasioonekana kwa macho. Maji yakiingia hutulia. Vitu vizito huzama chini vikawa tope. Mafuta na vitu vyepesi huelea juu vikawa utando mgumu. Katikati hubaki maji yasiyo na vipande. Wadudu wadogo mno, ambao huishi pasipo hewa, hulila tope lile kidogo kidogo na kulipunguza. Maji ya katikati hutoka kwa bomba la upande wa pili, yakaenda kwenye shimo la kunywea maji au kwenye mfereji wenye mawe chini ya udongo, na huko udongo huyachuja.

Angalieni neno hili: maji yatokayo tangini si maji safi. Hata yakionekana meupe, bado yamejaa vijidudu vya magonjwa. Tangi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni udongo. Mtu aliyejenga tangi zuri, kisha akaliwekea bomba la kumwaga maji katika mfereji wa barabara, hakujenga kitu cha afya. Amehamisha choo chake mlangoni pa jirani.

MAFUNDISHO YA MIJI MIWILI

Tangi hili lilianza Ufaransa. Kati ya miaka ya 1860, katika mji wa Vesoul, mtu mmoja jina lake Jean-Louis Mouras alijenga chumba cha kuta imara chini ya ardhi ili kupokea maji ya choo cha nyumbani. Baada ya miaka kama kumi na miwili lilifunguliwa. Watu walitazamia kukuta limejaa uchafu, wakakuta karibu maji matupu. Padre François Moigno, aliyekuwa mtaalamu wa sayansi na mwenye gazeti la sayansi, alilichunguza jambo hilo pamoja na Mouras na kulitangaza, na mwaka 1881 Mouras akapewa hati ya uvumbuzi. Mnamo mwaka 1895 Donald Cameron, mhandisi wa mji wa Exeter huko Uingereza, akajenga tangi la namna hiyo kwa ajili ya mitaa, naye ndiye aliyelipa jina ambalo sisi tumelipokea kwa Kifaransa.

Fundisho la pili latoka London, nalo ni la huzuni. Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street, watu zaidi ya mia tano walikufa kwa kipindupindu kwa muda wa siku kumi hivi. Daktari John Snow aliwaza kwamba sababu ni maji ya bomba la mkono la mtaa ule. Mchungaji kijana wa Kianglikana, Henry Whitehead, hakukubali mwanzoni. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza, na maswali yake yakamfikisha kwenye nyumba iliyokuwa karibu kabisa na kisima. Huko mtoto mchanga alikuwa ameugua kuhara, na mama yake alimwaga maji ya kufulia nepi katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Shimo lilipochimbuliwa, matofali yake yalionekana yameoza, na kati yake na kisima palikuwa na nafasi isiyofika mita moja. Uchafu ulikuwa ukipenya taratibu, wala hapana mtu aliyeona kwa macho. Ukuta mmoja mbovu ulitosha.

Wasomaji wa Kindu, pimeni wenyewe: kati ya tangi lenu na kisima cha jirani kuna hatua ngapi?

MAHALI PA KUCHIMBA

Shimo la kunywea maji liwe mbali na kila kisima na kila chemchemi kwa mita 30 au zaidi, tena liwe upande wa chini wa mteremko, wala lisiwe upande wa juu. Kisima cha jirani nacho kihesabiwe, kwa kuwa maji ya ardhini hayajui mpaka wa parsele. Chini ya shimo hilo, kabla ya kufikia maji ya ardhini, ubaki udongo mkavu wa kimo cha mita 1 na nusu. Pima jambo hili katika majira ya mvua, mto ukiwa umejaa. Ukipima wakati wa kiangazi utadanganyika, kwa sababu maji hayo yatapanda tena.

Bomba la Regideso lisipite katika mtaro mmoja na bomba la choo. Maji yanapokatika, bomba la maji safi hubaki tupu, na penye ufa huweza kunyonya maji machafu yaliyo karibu. Siku maji yakirudi, uchafu huo hufika moja kwa moja katika kikombe cha mtoto.

Kabla ya kuchimba, ujaribu udongo. Chimba tundu la kimo cha sentimita 30, ulijaze maji jioni, na asubuhi ulijaze tena, uone yanavyoshuka. Yakishuka upesi, udongo ni wa mchanga; yakikaa pale pale kwa saa nyingi, ni udongo wa mfinyanzi, na shimo la kawaida halitakusaidia. Penye udongo mzito au penye maji ya karibu, ni afadhali kutumia mfereji mrefu usiokwenda chini sana kuliko shimo refu linalokwenda kukutana na maji.

VIPIMO VYA NYUMBA MOJA

Tuhesabu pamoja, nanyi wanafunzi mtwae kalamu. Tuseme nyumba ina watu 8, na kila mtu huingiza tangini lita 60 za maji kwa siku. Basi jumla ni lita 480 kila siku. Tope nalo huzidi kwa kadiri ya lita 40 kwa kila mtu kwa mwaka. Watu 8 hufanya lita 320.

Tangi la upana wa mita 1, urefu wa mita 2 na nusu, na kina cha maji cha mita 1 na sentimita 20, huchukua lita 3,000. Juu ya maji iachwe nafasi ya sentimita 30 kwa ajili ya utando na hewa. Ligawanywe vyumba viwili kwa ukuta wa kati: chumba cha kwanza kipate theluthi mbili, na cha pili theluthi moja. Bomba la kuingilia na bomba la kutokea yawekewe kipande cha umbo la herufi T, mguu wake ukizama majini, ili utando usitoke pamoja na maji. Kifundi wengine hukiacha kipande hicho kwa kuona ni gharama ya bure. Kumbe ndicho kinachozuia uchafu usizibe shimo la kunywea maji.

Mabomba yateremke sentimita 2 kwa kila mita. Kuta zipigwe lipu ya saruji ndani, kisha, kabla ya kutumiwa, tangi lijazwe maji hata juu na kuachwa kutwa kucha. Maji yakipungua sana, lina ufa. Usilikubali, wala usimlipe fundi malipo ya mwisho. “Usipoziba ufa utajenga ukuta,” na ukuta wa chini ya ardhi ni ghali kuliko wa juu.

Sasa mfereji wa kunywea. Ikiwa udongo waweza kunywa lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa siku, lita 480 zataka mita za mraba 19 hivi. Mfereji wenye mawe ya kimo cha sentimita 60 una kuta mbili, kwa hiyo kila mita moja ya urefu hutoa mita ya mraba 1 na sehemu mbili za kumi. Gawanya 19 kwa hesabu hiyo: utapata mita 16. Kama kiwanja hakina nafasi ya mita 16, jibu si kuchimba kwa matumaini. Afadhali kupunguza maji, au kukubali choo cha shimo kilichojengwa vizuri. Hakuna aibu katika choo cha shimo kilicho safi. Aibu ni choo cha fahari kinachotia sumu kisimani.

VITU VISIVYOTIWA

Wale wafanyakazi wasioonekana tuliowataja wana adui zao. Mama wa nyumba na watoto wayajue haya:

Kwanza, mafuta. Katika Maniema mawese ni chakula cha kila siku, na ni baraka. Lakini mafuta yakipoa katika bomba huganda, hukamata uchafu mwingine, na mwisho huziba. Sufuria ipanguswe kwanza kwa jani au karatasi, ndipo ioshwe. Maji ya jikoni yapite katika kishimo kidogo cha kukamata mafuta, na kishimo hicho kisafishwe kila juma.

Pili, vitu visivyooza: matambara, nailoni, pamba za wanawake, nepi za dukani, mchanga, majivu, maganda ya mihogo na magunzi ya mahindi. Kila choo kiwe na chombo chenye kifuniko kwa ajili ya vitu hivyo, navyo vichomwe au vifukiwe.

Tatu, sumu. Javeli kidogo ya kusafishia bakuli la choo haiharibu kitu, lakini chupa nzima inayomwagwa kwa nia ya “kuua harufu” huua wale wanaofanya kazi. Petroli, mafuta machafu ya pikipiki na maji ya betri yasikaribie kabisa.

Nne, maji ya mvua. Usielekeze maji ya paa katika tangi. Mvua moja kubwa hulichafua tangi lote, na tope lote hukimbilia katika mfereji na kuuziba.

Tano, dawa za uvumi. Wako wasemao kwamba tangi jipya litiwe kuku aliyekufa, au nyama iliyooza, au hamira, ili lianze kazi. Hakuna haja. Choo chenyewe huleta vijidudu vyote vinavyotakiwa. Wala hakuna poda iwezayo kulifanya tangi lisihitaji kutolewa tope. Anayekuuzia poda ya namna hiyo anakuuzia usingizi.

KUPIMA KILA MWAKA

Chagueni siku moja kila mwaka wakati wa kiangazi, tuseme katika mwezi wa Julai, iwe siku ya tangi. Mtwae fimbo ndefu, mkaifunge kitambaa cheupe kuanzia chini hata mita moja na nusu. Mkiwa mmesimama nje, fungueni kifuniko cha chumba cha kwanza, mngoje kidogo mkiwa mbali, kisha mteremshe fimbo polepole hata iguse chini. Ngojeni dakika chache, mkaitoe taratibu. Sehemu iliyoshika weusi mzito ni kimo cha tope. Unene wa utando upimwe pia.

Kanuni ni rahisi. Tope na utando vikifika theluthi moja ya kina cha maji, tangi litolewe tope. Katika tangi letu la mfano, theluthi ya sentimita 120 ni sentimita 40, nazo zitafikiwa katika mwaka wa tatu hivi. Mkiandika kipimo ukutani au katika daftari kila mwaka, mtajua mapema, nanyi mtapata nafasi ya kuweka fedha. Mwenye kungoja hata choo kirudishe maji ndani ya nyumba amechelewa. Wakati huo mfereji wa kunywea umekwisha kujaa tope, na kuuchimba upya ni kazi kubwa kuliko ya kwanza.

Siku hiyo hiyo kagueni mambo mengine: Je, udongo juu ya mfereji umelowa wakati wa jua kali? Je, majani ya mahali pamoja yamestawi kupita mengine? Je, harufu yazidi? Je, maji ya chooni yashuka kwa uvivu? Hizo ni sauti za tangi. Msizibe masikio.

HEWA IUAYO

Hapa twawasihi wasomaji wetu wasome mara mbili.

Ndani ya tangi na ndani ya shimo la choo hukaa hewa mbaya. Moja yake hunuka kama yai bovu. Lakini ikiwa nyingi huiua nguvu ya pua, hata mtu hasikii tena harufu, akadhani hatari imekwisha. Kumbe ndipo imezidi. Mtu akiivuta huanguka kwa pumzi chache. Nyingine huwaka moto kama petroli. Tena mahali pale hewa safi ya kupumua huwa haitoshi.

Habari za vifo hivi, katika nchi nyingi za dunia, zafanana kama mapacha. Mtu mmoja ashuka kutoa tope au kuokota kitu kilichoanguka, aanguka. Ndugu yake amwona, huruma yamshika, amfuata, naye aanguka. Jirani hodari awafuata wote wawili. Nyumba moja yapata misiba mitatu kwa robo saa. Waliokufa wa pili na wa tatu hawakuwa wajinga. Waliuawa na upendo usiokuwa na maarifa.

Kwa hiyo shikeni amri hizi. Mtu yeyote asishuke ndani ya tangi wala ndani ya shimo, hata kwa dakika moja, hata kama vifuniko vimefunguliwa tangu jana. Tope litolewe kutoka nje, kwa pampu au kwa ndoo yenye mpini mrefu au kamba. Asiwepo mtu mwenye sigara, taa ya moto au kiberiti karibu. Wale wanaoteremsha taa ili “kupima hewa” wana hatari mbili: taa huweza kulipua, tena huweza kuendelea kuwaka mahali palipo na sumu. Wafanya kazi wawe wawili au zaidi, wamevaa glavu, viatu vya mpira na kitambaa cha uso, na watoto wakae mbali. Na ikiwa mtu ameanguka ndani, piga kelele, ita watu, tupa kamba ikiwa bado aweza kuishika; lakini usimfuate. Ni neno gumu kwa mama na kwa ndugu, nasi twalijua. Hata hivyo, aliye hai juu aweza kuleta msaada, na aliyeanguka wa pili hawezi kumsaidia mtu.

Kijana anayeajiriwa kutoa tope ni mtoto wa watu. Baba mwenye nyumba asimpe fedha zaidi ili ashuke “amalizie kidogo cha chini”. Hicho kidogo cha chini kibaki, hakidhuru tangi. Wala msilisugue tangi kwa sabuni, kwa maana mabaki hayo yatawarudisha wafanyakazi wadogo upesi.

Kifuniko nacho kiwe cha zege lenye nondo, kizito kiasi cha mtoto kutoweza kukiinua. Kikipata ufa, kibadilishwe kabla ya jua kuchwa. Mpaka hapo pawekwe uzio. Bati kuukuu na mbao zilizooza si kifuniko, bali ni mtego.

TOPE LIPELEKWE WAPI?

Ukipatikana msaada wa gari la kunyonya na mahali palipowekwa na serikali, ni vema. Lakini msijenge mkitegemea gari lisiloweza kupita katika njia zenu. Pasipo gari, tope lifukiwe katika shimo lililochimbwa mbali na maji kwa kipimo kile kile cha mita 30, na lifunikwe kwa udongo wa nusu mita au zaidi. Pasipandwe chakula hapo kwa miaka miwili, kwa kuwa mayai ya minyoo hukaa ardhini muda mrefu yakiwa hai. Juu ya mfereji wa kunywea pia, msipande lengalenga wala mboga nyingine za majani, wala mwembe na mparachichi, ambayo mizizi yake hutafuta maji na kuvunja mabomba. Majani mafupi yatosha.

Iko desturi mbaya ambayo hatutaificha. Wako watu wangojao usiku wa mvua kubwa, wakafungua tangi lao, wakaliachia katika mfereji wa barabara. Mvua huchukua yote, na asubuhi kiwanja ni safi. Lakini mfereji huishia mtoni, na mto una watu. Wako wavuvi wa Kigenya wanaokunywa katika mitumbwi yao. Wako akina mama wa ukingoni wanaoosha mchele alfajiri. Na Lualaba huteremka kuelekea Ubundu na Kisangani, ukipita vijiji vingi visivyo na bomba hata moja. Mwenye kumwaga usiku hamjui atakayekunywa. Lakini atakayekunywa yuko, naye ana jina na watoto.

HABARI YA MBU

Tangi lililopasuka huzaa mbu kwa maelfu. Mbu aitwaye Culex hupenda sana maji machafu ya vyoo, na katika nchi kama Zanzibar ndiye anayeeneza matende. Katika kijiji cha Makunduchi, kisiwani Unguja, mnamo mwaka 1988 wataalamu walitia katika mashimo ya vyoo vijipande vyepesi vya plastiki vinavyoelea, vikafunika uso wa maji, viluwiluwi vya mbu vikakosa kupumua. Watu walipewa na dawa pia. Mbu wakapungua sana, na ugonjwa ukapungua. Kwetu njia rahisi ni hii: nyufa zizibwe, vifuniko vikae sawasawa, na bomba la kutolea hewa lipande juu ya paa na kufungwa wavu mdomoni.

WENYE CHOO CHA SHIMO

Najua, mtasema, “Sisi hatuna tangi, tuna shimo tu.” Mengi ya leo ni yenu pia. Nafasi ya mita 30 ni ile ile. Hewa iuayo ni ile ile. Uchafu ukifika nusu mita chini ya mdomo wa shimo, acheni kulitumia, mlijaze udongo, mkachimbe jingine. Tundu la choo liwe na kifuniko, na pembeni pawe na maji na sabuni, kwa maana choo kizuri kisicho na mahali pa kunawa mikono ni safari iliyokatizwa njiani.

KAZI IGAWANYWE

Tumalizie kwa kugawa kazi, ili mambo haya yasibaki katika karatasi.

Baba apime nafasi kati ya tangi na visima, akague kifuniko, na aweke akiba kidogo kila mwezi kwa ajili ya kutoa tope. Mama aweke kishimo cha mafuta jikoni na chombo chenye kifuniko chooni. Wanafunzi wafanye hesabu ya watu na lita, waandike kipimo cha fimbo na tarehe yake katika daftari la nyumba. Watoto wadogo wafundishwe kutocheza juu ya kifuniko na kunawa mikono. Majirani wa kisima kimoja wakutane jioni moja, wachore viwanja vyao katika karatasi, waonyeshe kila choo na kila kisima mahali pake. Kazi hiyo haigharimu hata faranga moja. Na pengine itaonekana kwamba kisima kimoja chapaswa kufungwa, au choo kimoja kihamishwe. Hapo wasaidiane, bila kushtakiana, kwa sababu maji yao ni ya wote.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya kuhifadhi maji ya kunywa nyumbani. Kwa sasa twaeni futi ya kupimia, mwende nyuma ya nyumba.